Kikundi cha kina mama miaka 42 hadi 58: wapimwe homoni, au tuanze na nini?

Mhudumu_Mikindani:
Wakuu, habari za jioni. Kikundi cha VICOBA (cha kuweka na kukopa) hapa Mikindani, kina mama 26, wameomba siku moja ya afya kabla msimu wa korosho haujaanza Oktoba, maana ukishaanza humpati mtu. Wanalalamikia joto la ghafla, usingizi kukatika usiku, hedhi kuruka, magoti. Kuna mpimaji amewaambia wachange hela wapimwe "homoni zote" kwa damu, na wengi wameshakubali. Nataka kujua kama kipimo hicho kina faida yoyote kwa umri huu, na kama hakina, hiyo siku moja tuitumieje. Baadhi yao wako CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), na wengine wako kwenye sindano ya uzazi wa mpango.

MkungaKusini:
Hela ya kikundi isiende huko. Mwanamke aliyevuka 45, hedhi inaruka na joto linampanda kifuani hadi usoni, hahitaji damu ichukuliwe ndipo aambiwe yuko njiani kukoma hedhi. Maelezo yake yanatosha. FSH, ile homoni ambayo ubongo huitoa kuziamsha ovari, katika miaka hiyo hupanda na kushuka kama maji ya hapo Mikindani. Leo iko juu, wiki mbili zijazo imerudi kawaida, na karatasi mliyoilipia haisemi lolote la kesho. Ina kazi kwa aliye chini ya 45, na zaidi chini ya 40, hedhi ikimkatika. Huyo apimwe mimba kwanza, kisha apelekwe kwa daktari, kwa kuwa mifupa na moyo wake vitakaa miaka mingi bila estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari.

Tunasema hedhi imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu. Hesabu hiyo haimfai aliye kwenye sindano au kijiti, kwani dawa yenyewe huzuia damu. Na msiwaruhusu kuacha uzazi wa mpango mapema: anayekoma kabla ya 50 aendelee miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho, aliyevuka 50 mwaka 1. Mimba za miaka 46 zipo, na presha ya mimba katika umri huo si ya kuchezea. Wa sindano aliyekaribia 50 azungumze na mtoa huduma abadilishiwe njia, maana sindano ya muda mrefu hupunguza uzito wa mifupa wakati ule ule mifupa inapoanza kupungua yenyewe.

Lililo zito kuliko yote ni hili: mama amekaa mwaka bila hedhi, kisha damu ikarudi, hata tone tu kwenye kanga. Wengine hufurahi, "nimerudi usichana". Hiyo si hedhi. Inaweza kuwa ukavu wa uke tu, inaweza kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi. Aende achunguzwe wiki hiyo hiyo, asisubiri itoke mara ya pili.

Halafu panga foleni kwa umri. Kipimo cha siki, ambapo mlango wa kizazi hupakwa asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 na kutazamwa kama unageuka mweupe baada ya dakika moja, kinafanya kazi vizuri kwa mwenye hedhi. Hedhi ikishakoma, eneo ambalo saratani huanzia huingia ndani ya mfereji na macho hayalifikii. Jibu la "salama" kwa mama wa 56 halina uzito uleule. Kwa hiyo wa chini ya 50 wapelekwe kwenye siki haraka, wakubwa waulizie kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo. Wa CTC hurudia siki kila mwaka, wengine kila miaka 3.

Mfamasia_Shangani:
Mkunga amemaliza upande wake. Naongeza ya dukani.

Wapo wanaojinunulia vidonge vya majira (vya uzazi wa mpango) ili "kurudisha hedhi". Ile damu ya mwisho wa pakiti ni ya kuacha kidonge, si dalili kwamba ovari zimeamka. Na estrojeni iliyomo ina nguvu mara kadhaa kuliko ya tiba ya kukoma hedhi. Kwa mwenye presha, au mvutaji sigara aliyevuka 35, anatafuta kiharusi kwa hela yake.

Tiba halisi ya homoni ni salama kwa wengi ikianzwa kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome. Hofu ya mwaka 2002 juu ya tiba hii, utafiti mkubwa wa Marekani uliposimamishwa, ilitokana kwa sehemu na washiriki wengi kuwa wameshavuka umri huo. Mwenye kizazi lazima apewe na projesteroni (homoni ya pili ya kike), la sivyo estrojeni peke yake huunenepesha utando wa kizazi mpaka ulete saratani. Asiyepaswa kupewa ni aliyewahi saratani ya matiti, damu kuganda mguuni au mapafuni, kiharusi, mshtuko wa moyo, ini bovu, au anayetokwa damu isiyojulikana chanzo. Hiyo ni kazi ya daktari wa wanawake, haitolewi kwenye siku ya afya chini ya mwembe.

Wa CTC wanaotumia dawa yenye dolutegravir: kalsiamu na madini ya chuma huikamata tumboni isifyonzwe. Wameze ARV (dawa hiyo ya VVU) saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada, au vyote pamoja na chakula. Hili watu wengi hawaambiwi.

Na waulize kwa upole kuhusu vidonge vya kunenepa na "dawa ya mifupa" isiyo na lebo. Ndani mara nyingi mna deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Hupandisha sukari na presha, na hula mfupa ule ule ambao mtu anadhani anautibu. Aliyetumia kwa wiki nyingi asiache ghafla, mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake. Apelekwe apunguziwe taratibu.

Mhudumu_Mikindani:
Nimeshukuru sana. Basi hela ya homoni nitawashauri wairudishe kwenye mfuko. Nina mashine moja ya presha na moja ya sukari ya kutoboa kidole. Nifanyeje vipimo viaminike? Na chakula niwaambie nini kwa hivi vilivyopo huku?

Tabibu_Lindi:
Mashine moja kwa watu 26 inatosha ukianza saa 1 asubuhi. Waje bila chai, angalau saa 8 tangu walipokula, maji ruksa.

Presha: aende haja ndogo kwanza, akae dakika 5 mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, asiongee. Mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Ukining'inia namba hupanda bila sababu. Mkono wa gauni au buibui usikunjwe ukabana juu, atoe mkono nje (wekeni pazia la kanga). Pima mara 2, dakika moja katikati. Pima mzunguko wa mkono pia. Mkanda wa kawaida ni wa sentimeta 22 hadi 32, na mama mnene akivishwa huo anapewa presha asiyo nayo. Ikiwa 140/90 au zaidi arudi siku nyingine kuthibitishwa, usimwandikie ugonjwa kwa siku moja. Ikiwa 180/110 na kichwa kinauma, kifua kinabana au macho yana ukungu, apandishwe bajaji saa hiyo hiyo.

Sukari: anawe kwa maji na sabuni, akauke. Aliyetoka kumenya embe, utamu ulio kwenye kidole unaingia kwenye kipimo. Spiriti ikiwa mbichi nayo huharibu. Vijiti vikae kwenye kichupa chake kilichofungwa, unyevu wa pwani unaviua, na andika tarehe uliyofungua. Asubuhi bila kula, 7.0 mmol/L na kuendelea ni ya kurudia na kuthibitisha. Kati ya 6.1 na 6.9 yuko mlangoni mwa kisukari. Ukishauriwa HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu), kumbuka wenye seli mundu au upungufu wa damu hupata majibu ya uongo.

Kiuno hakihitaji mashine. Chukua kamba, pima urefu wa mtu kuanzia utosini, ikunje mara mbili, izungushe kiunoni. Isipofika, mafuta ya tumboni yamezidi.

Lishe_Masasi:
Kwenye chakula, tatizo la huku naliona kwenye ugali wa muhogo. Unashibisha, lakini protini yake ni kama hakuna, na umri huu misuli inapungua kwa kasi. Mama wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 70 kwa siku. Kipande cha samaki cha gramu 100 ni kama 20, kikombe cha mbaazi zilizochemshwa 11 hivi. Kwa hiyo mbaazi ziwe nyingi kuliko ugali. Sukuma ugali pembeni ya sahani. Mfupa: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na ufuta wetu usiokobolewa, vijiko 2 kwa siku, kalsiamu mnamaliza. Ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) iloweshwe na maji yamwagwe, chumvi yote ya siku ni kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyofichwa kwenye samaki.

MkungaKusini:
Kwa ufuta umepitiliza kidogo. Vijiko 2 vya mezani ni kama miligramu 170, mahitaji ni 1,000 hadi 1,200, na sehemu kubwa imekamatwa na oksaleti za ganda, kemikali za mmea zinazoizuia isifyonzwe. Ufuta uliwe, ila dagaa na maziwa ya mtindi ndivyo vibebe mzigo. Korosho nayo watu huitaja sana. Ina magnesiamu nyingi, kalsiamu yake ni kidogo mno.

Ongezeni na zoezi la kiti: akae, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5. Akizidi sekunde 15, miguu imelegea, na huyo ndiye atakayeanguka na kuvunjika nyonga. Afanye hilo hilo mara 10, seti 3, siku 2 au 3 kwa wiki.

Lishe_Masasi:
Nimekubali, nilisahau ganda.

Mhudumu_Mikindani:
Mkanda mkubwa sina. Kuna njia?

Tabibu_Lindi:
Azima kituo cha afya kwa siku hiyo. Ukikosa, funga wa kawaida chini ya kiwiko, mkono uuinue usawa wa moyo, na andika kwenye kadi yake "chini ya kiwiko" ili atakayempima mara ya pili ajue namba ilitoka wapi.