MREJESHO: Konisi za sebuleni zilizopakwa rangi vibaya

Wadau, niliuliza kama konisi zangu za jipsamu (yale mapambo ya pale ukuta unapokutana na dari), zenye michirizi na alama za brashi, nizing'oe au zinaweza kulainishwa. Zimelainika, hakuna kilichong'olewa.

Ushauri uliookoa kazi ni ule wa kusugua rangi kwa kitambaa chenye spiriti (methylated) ili kujua ni ya aina gani. Rangi ya maji ingelegea na kuchafua kitambaa. Yangu haikutikisika, kumbe ni rangi ya mafuta. Mpangaji aliyetutangulia alipaka rangi ya mlango hadi juu kule, sijui alikuwa anakimbilia wapi!

Michirizi minene niliikwangua kwa skrepa. Kisha msasa wa maji, namba 120 halafu 240, nimeuzungushia kipande cha mpira wa kumwagilia ili ufuate ule mbonyeo. Kibao bapa kinakula kingo. Maji yawe kidogo tu, jipsamu ikilowa inalainika na kumeguka.

Aliyesema nipige puti (ule udongo laini wa kuziba mashimo) moja kwa moja juu ya rangi inayong'aa, hapana mkuu. Nilijaribu kipande nyuma ya pazia, ikabanduka kama ganda la yai. Baada ya msasa ilishika vizuri, nami nikaiweka nyembamba, kwenye mashimo tu.

Juu yake praima (rangi ya msingi), halafu rangi ya maji nyeupe isiyong'aa, mikono miwili, yaani nimepaka mara mbili. Isiyong'aa inaficha mengi. Ukimulika tochi ya simu kwa ubavu, bado kuna wimbi dogo juu ya dirisha. Nimeliacha, mama watoto hajaliona.