Ukivuka 40 mwili unapunguza kuchoma, au tumepata pa kusingizia?

Mtu wa Kariakoo (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 44. Nakula kilekile nilichokula nikiwa kijana: wali mchana, ugali usiku, bia wikendi. Sasa mkanda umefika tundu la mwisho na tumbo limetangulia. Kazini kwetu wanataka kuanza kupima viuno kila mwaka kwa ajili ya bima, na atakayezidi atachangia zaidi. Ofisi imegawanyika. Kundi moja linasema ukivuka arobaini umetaboli, yaani mwili kuchoma chakula kuwa nguvu, unashuka, hata ule kidogo unanenepa, hivyo kumtoza mtu kwa ajili ya umri wake ni uonevu, na dawa ni kuuamsha mwili kwa tangawizi, siki ya tufaa na pilipili. Kundi la pili linasema hakuna cha umetaboli, tunakula tu. Wenye uelewa naomba mnisaidie, tena kwa hoja.

Nesi wa Zamu
Hili lilishapimwa. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Herman Pontzer na wenzake: watu zaidi ya 6,400, nchi 29, kuanzia kitoto cha siku nane hadi mzee wa miaka 95. Watu hupewa maji yaliyowekewa alama, halafu mkojo wao unapimwa kwa siku kadhaa huku wakiendelea na maisha yao ya kawaida, inajulikana mwili umetumia nguvu kiasi gani. Ukishazingatia ukubwa wa mwili na misuli, kuanzia 20 hadi 60 mwili unachoma kiasi kilekile. Kushuka kunaanza baada ya 60, kama asilimia 0.7 kwa mwaka. Kwa hiyo tumbo la miaka 44 tulitafutie sababu nyingine.

Kipanga Mweusi
Asante nesi, ubarikiwe. Sasa naomba mkawaambie wake zetu. Wangu ana 46, kila kitu homoni. Asubuhi maandazi manne na chai ya maziwa, ukiuliza, homoni. Wanawake wakishapata ndoa na watoto wanajiachia, huo ndio ukweli usiosemwa.

Dada wa Mbagala
Kipanga, mleta mada ni mwanaume. Tumbo ni lake, bia ni zake. Umepitia wapi mpaka ukafika kwa mkeo?

Mama Watatu
Mimi huyu wa maandazi naomba nimjibu vizuri. Maandazi hayo nani ameamka saa kumi na moja kukanda unga na kuyakaanga? Nani ameonja mchuzi, nani ameonja wali kama umeiva? Mtoto amebakiza nusu sahani, unga bei yake tunaijua, nani anamalizia ili kisitupwe? Sisi. Tunakula tumesimama, jikoni, hakuna anayehesabu, halafu mezani tunakaa na baba tunakula tena kwa sababu asipoona unakula atauliza una nini. Mwanaume anakula nyama choma na wenzake saa tatu usiku, akirudi anafunuliwa hotpoti. Na yeye ndiye anahesabu maandazi!

Mpiga Vyuma
Tusitoke nje ya mada. Tatizo ni misuli. Kuanzia miaka ya thelathini misuli inaanza kupungua kidogo kidogo kama huitumii, na misuli ndiyo inayochoma hata ukiwa umelala. Mleta mada, ulipokuwa kijana ulikuwa unacheza mpira, unatembea, unabeba. Sasa unatoka kitandani unaingia kwenye gari, unatoka kwenye gari unaingia kwenye kiti. Beba vyuma mara tatu kwa wiki, umetaboli utapanda wenyewe. Watu wa porini kule Eyasi, Wahadzabe, wanachoma mara mbili yetu kwa sababu wanatembea siku nzima. Umeona Mhadzabe mwenye kitambi?

Nesi wa Zamu
Mpiga Vyuma, kwa Wahadzabe umechagua mfano unaokupinga. Huyohuyo Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe, matokeo yakatoka 2012. Wanatembea kilomita nyingi kwa siku kweli, wanachimba mizizi, wanapanda mibuyu kufuata asali. Lakini ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nguvu wanazotumia kwa siku ilikuwa karibu sawa na ya Wamarekani na Wazungu wa Ulaya. Mwili una namna ya kubana matumizi huku unapotumia zaidi kule. Mazoezi ni lazima kwa moyo, sukari na mifupa, lakini anayetegemea mazoezi peke yake kutoa tumbo atakata tamaa.

Mpiga Vyuma
Nina miaka mingi jimu, nimeona watu wakibadilika kwa macho yangu. Huwezi kuniambia mazoezi hayachomi. Weka chanzo.

Nesi wa Zamu
Chanzo nimekitaja, mwaka nimeutaja. Na hesabu ya misuli ni hii: kilo moja ya misuli iliyopumzika inachoma kama kalori 13 kwa siku. Ukiongeza kilo tatu, kazi ya miezi, ni kalori 40 hivi. Hicho ni kipande cha chapati.

Mpiga Vyuma
Misuli inanyonya sukari kutoka kwenye damu, hilo umeliruka makusudi. Mwenye misuli na asiye nayo wakila ugali uleule, sukari yao haipandi sawa. Na mzee mwenye misuli haanguki bafuni. Usiwavunje watu moyo na hesabu zako za chapati.

Mkazi wa Karatu
Naomba nirudi nyuma kidogo. "Watu wa porini" ni lugha gani? Wahadzabe ni majirani zetu, wana majina, wana watoto shuleni. Mkitaka kujadili matumbo yenu ya Dar jadilini, wenzenu msiwafanye wanyama wa kupigiwa mfano. Mnajua kwa nini hawana vitambi? Kwa sababu chakula hakikai kabatini. Kuna siku ya nyama na siku ya ubuyu mtupu. Na eneo lao linamegwa na wakulima na wafugaji kila mwaka. Hilo hamuulizi.

Mpiga Vyuma
Mkazi wa Karatu, samahani kwa neno, sikukusudia dharau. Hoja yangu ilikuwa kutembea.

Afya Asilia Dukani
Ndugu zangu msihangaike. Tuna chai ya mimea ya siku 14, inaamsha umetaboli, inayeyusha mafuta ya tumbo bila diet na bila mazoezi. Wateja wetu wanatoa kilo 5. Karibuni PM.

Nesi wa Zamu
Chai nyingi za aina hiyo ndani yake ni sanamaki. Unaharisha, maji yanatoka, mzani unashuka, mafuta yako palepale. Ukinywa maji uzito umerudi. Ukizoea, tumbo haliendi bila chai. Mods naomba mlione hili tangazo.

Wa Likoni
Mie natoka upande wa Mombasa, hapa naona kila mtu amkamata mwenzake lakini swali la bwana limeachwa. Nesi asema mwili haupungui kuchoma kabla ya 60. Sawa. Lakini kuna utafiti wa Kevin Hall wa Marekani, 2016, kwa watu 14 waliokuwa kwenye yale mashindano ya televisheni ya kukonda. Miaka sita baadaye wengi walikuwa wamerudisha uzito mwingi, na miili yao ikichoma kama kalori 500 kwa siku chini ya ilivyotarajiwa. Basi umetaboli washuka, tena sana, ila si kwa ajili ya umri. Washuka ukijinyima kwa fujo. Huyu bwana wa Kariakoo akitishwa na bima, aanze kujifungia na maji ya ndimu mwezi mzima, ajiharibia. Hilo ndilo la kumwambia huyo mwajiri wake.

Nesi wa Zamu
Wa Likoni, hapo tuko pamoja. Nimesema umri, sijasema hakuna kinachoushusha.

Zege la Saba
Mnaongea kula kidogo kama wimbo. Tangu Profesa Janabi, yule daktari wa moyo, aanze kutuambia tupunguze kula, kila mwenye kiyoyozi amekuwa daktari. Mimi nabeba zege ghorofani. Asubuhi chapati mbili na maharage, mchana ugali mkubwa na dagaa, na bado saa kumi naona nyota. Nina 47, sina kitambi. Msiseme "Watanzania tunakula sana". Semeni nani anakula sana. Anayekaa.

Dada wa Mbagala
Naunga mkono hoja. Janabi ni daktari wa moyo, alikuwa anawaona waliofika kwake, na waliofika kwake wengi hawakuwa wabeba zege.

Mchumi wa Mezani
Mnamwonea profesa, ujumbe wake ni sukari na wanga uliozidi kwa mtu asiyetumia nguvu. Unga wa mahindi robo kilo, kabla hujauingiza kwenye maji, ni kalori kama 900. Zege anazitumia. Mleta mada anazipeleka kulala. Nusu lita ya bia ni kama kalori 200. Bia tatu ni 600, na hakuna mtu anayekunywa bia tatu bila kuagiza kitu cha kutafuna. Kuna chakula ambacho kijana wa 28 alikuwa hana pesa ya kukinunua. Mkuu wa Kariakoo, jiulize kwa uaminifu, ulipokuwa na 28 ulikuwa unaweza kuagiza kuku mzima? Kilichopanda ni mshahara.

Kipanga Mweusi
Mchumi umemaliza. Lakini mbona wote mmenikimbia? Nimesema mke wangu anasingizia homoni na nesi amethibitisha umetaboli haushuki. Au homoni za wanawake zina sayansi yake ya pekee?

Nesi wa Zamu
Kipanga, usitumie maneno yangu kumpigia mkeo. Utafiti ule kweli haukuona umetaboli wa wanawake ukishuka wakati wa kukoma hedhi. Lakini kukoma hedhi kunakuja kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni inashuka, na mafuta yaliyokuwa yanakaa nyonga na mapaja yanahamia tumboni. Mwanamke anaweza asiongeze kilo hata moja na gauni likagoma kiunoni. Halafu usingizi. Mwanamke anaamka saa tisa usiku kanga imelowa jasho, anabadilisha, anafungua dirisha, anakaa kitandani mpaka adhana. Mtu asiyelala anapata njaa zaidi kesho yake, na njaa yake inataka vitu vitamu. Hayo maandazi yako manne huenda yanaanzia hapo saa tisa, wewe ukiwa umelala fofofo.

Mama Watatu
Nesi, Mungu akupe maisha marefu. Hili la kanga kulowa nililificha kama aibu, nikidhani ni malaria. Nilipima mara kibao, hakuna malaria. Hakuna aliyeniambia hata mara moja kwamba ni hedhi inaondoka. Mama yangu hakusema, zahanati hawakusema.

Shangazi Tanga
Mwanangu, sisi tulikatazwa hata kulitaja. Mtu akianza kutoka jasho anaambiwa ana hasira. Nawaomba mlio na mabinti wa thelathini muwaambie mapema.

Mtu wa Kariakoo (mleta mada)
Nimesoma yote, asanteni. Suala la kuku mzima limenigusa, nitaliangalia. Lakini bado nataka kujua la bima. Ni haki au sio haki? Kesho kutwa tunakaa kikao na uongozi.

Mchumi wa Mezani
Kama hoja yenu ni "umri umeshusha umetaboli", mtashindwa, wataleta huo utafiti wa 2021. Nendeni na hoja nyingine. Mmewekwa kwenye viti masaa tisa, mnaanza safari ya daladala alfajiri na mnarudi usiku, chakula cha karibu na ofisi ni chipsi mayai. Waambie kabla ya kupima viuno wapime ratiba. Watoe saa nzima mchana ya kutembea, maji ya kunywa badala ya kreti za soda kwenye kila semina. Wakishatoa hivyo, ndipo wapime.

Zege la Saba
Na sisi vibarua tusio na bima kabisa tukiwasikia mnalalamikia viuno tunashangaa.

Nesi wa Zamu
Kupima kiuno kwenyewe ni kitu kizuri, adhabu ndiyo mbaya. Mtu akijua atatozwa hatakuja kupimwa hata presha. WHO wanaweka alama ya tahadhari kwenye sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake. Futi ya fundi cherehani inatosha. Na kama mtu ananenepa ghafla, anachoka, anasikia baridi watu wengine wakisikia joto, akapime tezi ya thairoidi. Hapo umetaboli unashuka kweli na dawa ipo.

Mpiga Vyuma
Na WHO haohao wanasema dakika 150 mpaka 300 za mazoezi kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili. Hilo nesi hulitaji.

Nesi wa Zamu
Nalitaja sasa. Fanyeni, hata kwa ndoo za maji.

Dada wa Mbagala
Kipanga, umesikia namba? 94. Chukua futi, pima, lete jibu hapa. Tumemjadili mkeo kurasa mbili, wewe hatujui hata unafananaje.

Kipanga Mweusi
Mambo ya familia yangu naomba yaheshimiwe. Mke wangu si mada ya huu uzi.

Dada wa Mbagala
Uliyemleta ni wewe.