Eti vitabu vyetu ni MADAFTARI! Huyu bwana wa katalogi ya pamoja amevuka mpaka

BintiWaNile (mleta uzi)

Nimeshuka basi la Kampala sasa hivi, viatu sijavua, maji sijanywa. Nikilala na hili moyoni nitaamka nimepasuka.

Jina sitaji. Mnamjua. Yule bwana wa mradi wa katalogi ya pamoja, ule wa kuunganisha orodha za vitabu za maktaba za vyuo vyote, mwenye vitambulisho vitatu shingoni kama mbuzi wa maonyesho. Ukimuuliza swali la Koha, programu ya kuendeshea maktaba, anaanza kwanza kukusimulia alipokuwa Ulaya.

Jana, mbele ya wakutubi wa vyuo vyote, projekta imewaka, rekodi za vitabu vya chuo chetu ziko ukutani kubwa kuliko mlango. Akasogeza miwani. Akauliza: "Hivi ni vitabu, au ni madaftari ya wanafunzi?"

MADAFTARI.

Ukumbi mzima ukacheka. Wakutubi nawasamehe, nusu yao walikuwa wamesinzia, wakaamka wakacheka kwa kufuata mkumbo. Lakini hata kijana wa kumimina chai alicheka! Birika mkononi! Chai ikafurika kwenye sosa ya mkurugenzi fulani na yeye bado anacheka!

Sasa sikilizeni kilichotokea. Programu yake ya kuunganisha rekodi inaangalia uga wa 020, yaani namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Rekodi isiyo na namba inatupwa. Sasa sisi huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tuna vitabu vya kusomea Kilugbara, vitabu vya nyimbo vilivyochapwa na wamisionari, sarufi za Kiswahili za zamani, ripoti za wilaya za enzi za ukoloni. ISBN imekuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1970. Kitabu cha 1955 kitaipata wapi, kwa mganga? Na vile vilivyochapwa juzi hapa Arua, mwenye mashine anajua bei ya wino, ISBN hajawahi kuisikia.

Basi programu ikatupa karibu kila kitu. Zikabaki rekodi chache zimekonda ukutani, nyingi za Kilugbara. Na kwenye orodha ya lugha ya MARC, ule mfumo wa kuandikia rekodi za maktaba, Kilugbara hakina alama yake. Kiswahili ni "swa", Kiganda ni "lug", sisi tunatiwa kwenye kapu la "ssa" pamoja na lugha nyingine za Kinilo-Sahara zisizo na alama. Yeye alipoona "ssa" akadhani mtu amekosea kubonyeza. Ndipo akasogeza miwani. Ndipo madaftari.

Na asubuhi yake alihutubia nini? Umoja! Eti mwanafunzi wa Arua atafute kitabu akione kilipo, hata kama kiko Mbarara! Mimi nimepita Karuma usiku, karibu kilomita 500, nimebana mgongo kwenye kiti cha nyuma, ili kijana wa chai anicheke.

Madaftari. Mimi.

Mzee_wa_Rafu

Nimesoma yote. Kwa kifupi: kijana wa chai alicheka. Pole, mwanangu.

KampalaRoad

Banange, nilikuwepo! Ila dada usitie chumvi, haikumwagika chai. Ilikuwa soda.

BintiWaNile

Ilikuwa CHAI. Ya maziwa. Niliona kwa macho yangu kwa sababu sikuwa na pengine pa kuangalia, ukutani kulikuwa na aibu yangu.

Sajini_Mstaafu

Kilichonishangaza mimi ni mkutano wa Kampala ambao mtu alitamka sentensi nzima ya Kiswahili. Hii ni habari kubwa kuliko madaftari.

BintiWaNile

Afande, alisema kwa Kiingereza. Mimi ndiye ninayelia kwa Kiswahili.

Mkatalogi_Sugu

Mleta uzi ana hoja, ameifunika tu kwa kelele. Kulinganisha rekodi kwa ISBN peke yake ni uvivu. Koha inakuruhusu kujiwekea kanuni zako: ISBN ikikosekana, angalia mwandishi, jina la kitabu na mwaka. Programu ni ya bure, ilianza kutumika New Zealand mwaka 2000, imeshasumbuliwa na vichwa vigumu kuliko huyu. Kwa kanuni yake hiyo, Makerere ambayo ipo tangu 1922 nayo ingebaki na rafu tupu upande mzima.

Isitoshe, si lazima kila chuo kimwage rekodi zake kwenye seva yake yeye. Kuna Z39.50, katalogi moja inaiuliza nyingine palepale ilipo. Ubaya wake, chuo kikikatikiwa umeme kinakuwa bubu. Lakini hakuna wa kutupa rekodi za mwenzake.

Na mbona hakuonyesha za kwake? Mwandishi Okot p'Bitek amezaliwa Gulu mwaka 1931, amefariki 1982. Kwenye katalogi ya bwana huyu yuko mara tatu: mmoja kwenye O, mmoja kwenye P, mmoja kwenye B. Marehemu anazaliana.

KampalaRoad

😂😂 Anazaliana!

BintiWaNile

Asante, kaka. Sasa kwa nini hukusimama ukayasema haya pale ukumbini?

Mkatalogi_Sugu

Nilikuwa miongoni mwa waliosinzia.

Mwanafunzi_Njaa

Shikamooni wakubwa. Ninyi mnagombania madaftari, sisi tunatafuta tasnifu. Naingia kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo fulani, ile inayotumia programu ya DSpace, naona muhtasari, mate yananitoka. Nabofya, naambiwa "omba nakala kwa msimamizi". Naomba. Msimamizi mwenyewe alishastaafu, barua pepe yake inanirudishia salamu za likizo. Tasnifu ya mtu aliyefadhiliwa na kodi ya mama yangu, eti omba nakala!

Mzee_wa_Rafu

Marahaba. Tukizifungua mnanakili hadi shukrani za mwandishi kwa mkewe. Nimeshasoma tasnifu mbili zenye mke mmoja.

Mwanafunzi_Njaa

Mzee, hao ni wa mwaka wa juu, si sisi.

Fundi_Waya

Halafu kila kitu mnasingizia mtandao. RENU, ule mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti Uganda, ipo tangu 2006, na kwetu fiba imefika mpaka getini. Shida inaanza kutoka getini kwenda maktaba. Swichi waliifunga kwenye stoo ya mifagio, na soketi ni moja. Kila saa nne asubuhi chuo kizima kinapotea hewani. Nilihangaika na usanidi hadi nikatilia shaka elimu yangu. Kumbe msafishaji anachomoa waya achemshe maji.

Eduroam inafanya kazi, wallahi. Mwanafunzi wa Gulu akifika Mbarara, simu yake inashika mtandao kwa pasiwadi ya kwao. Simu zinasalimiana, katalogi ndizo zimenuniana.

BintiWaNile

Hazijanuniana. ZIMETUKANWA. Mbele ya birika.

MamaMaktaba

Mimi kinachonichoma ni michango. Majarida ya mtandaoni tunayalipia kwa pamoja kupitia CUUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu Uganda, kwa sababu chuo kimoja peke yake hakiwezi bei za wachapishaji wale. Sasa kuna vyuo ukiwatumia ankara wanakuwa hawana barua pepe. Ikitangazwa semina ya hoteli yenye chakula, wanatuma watu wanne na dereva!

Mzee_wa_Rafu

MamaMaktaba, kama unasema sisi, sema wazi.

MamaMaktaba

Mzee wangu, sijataja chuo. Umejitaja mwenyewe.

Mzee_wa_Rafu

Dereva ni mfanyakazi halali wa maktaba. Anabeba vitabu.

MamaMaktaba

Kwenye ile semina alibeba sahani mbili.

Sajini_Mstaafu

Hahaha! Mama, risasi ya kwanza tu hiyo, na mtu chini.

Mwanafunzi_Njaa

Samahani, kwa hiyo yale majarida sisi wa vyuo vishiriki tunayapata? Nikiwa chuoni yanafunguka, nikirudi hosteli yananidai dola.

Fundi_Waya

Mchapishaji anatambua anwani za IP za chuo tu. Hosteli yako ya nje anaiona kama duka la chipsi. Muulize mkutubi wenu kama wana njia ya kuingilia ukiwa nje. Nyingi zipo, hakuna anayezitangaza.

Mwanafunzi_Njaa

Mkutubi wetu alisema nirudi Jumatatu. Hakusema ipi.

BintiWaNile

Jamani, tunarudi kwenye mada? Huyu bwana aombe radhi, tena hadharani, na rekodi zetu zirudi zote. Umeme wa gridi ya taifa wenyewe umefika huku mwaka 2024. Rekodi nyingi tuliziingiza usiku, jenereta likikohoa nyuma ya ukuta, halafu mtu ananiambia mada—

KampalaRoad

Nje ya mada kidogo: nauli ya ule mkutano imeingia kwa nani?

Mkatalogi_Sugu

Kwangu imeingia leo asubuhi, kwa simu.

Mzee_wa_Rafu

Kwangu pia. Nusu.

MamaMaktaba

Imeingia?! Sisi wa Mbarara tumeambiwa tulete tiketi ya basi yenye mhuri. Basi gani Uganda hii lina mhuri?

Fundi_Waya

Na ya dereva imeingia? Nauliza tu.

Mzee_wa_Rafu

Wewe kijana chunga sana.

BintiWaNile

Subirini kwanza. Imeingia??? Mlisaini karatasi ipi? Mimi niliondoka saa kumi kuwahi basi.

KampalaRoad

Pole dada, ilipitishwa baada ya picha ya pamoja, saa kumi na moja hivi. Wa mabasi ya mbali huwa wanaikosa.

BintiWaNile

HUWA?!

MamaMaktaba

Nafungua uzi mwingine wa hili. Huu umeshajaa.