Mwaka wa tatu natafuta kazi, naombeni ushauri

Wakuu habari za muda huu. Nilimaliza digrii ya uhasibu 2022, tangu hapo naishi kwa kaka Mbagala na ile bahasha yangu ya kaki yenye vyeti imeshachakaa mpaka pembeni nimebandika selotepu. Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, naifungua kila asubuhi kabla hata sijapiga mswaki, usaili nimeenda Dodoma mara mbili kwa nauli ya kukopa, mara ya pili nikavuka mchujo mpaka mahojiano nikajua hapa nishatoboa, wapi bwana. Kuna kampuni nao waliniambia "tutakupigia", yani namba ngeni ikiita moyo unaruka kumbe ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Shemeji hasemi kitu ila siku hizi sahani anaiweka kwa kishindo, mnaelewa. Jirani anataka anipe bodaboda ya mkataba, hesabu elfu kumi kwa siku, sasa naogopa nikiingia huko uhasibu ndo basi tena. Mliopitia hii hali mlifanyaje? Maana usingizi umekata kabisa, saa tisa usiku nahesabu mabati.