Mjadala: Kutafuta neno ndani ya stringi (kipande cha maandishi kwenye programu), anayeanza apewe find au regeksi?

Mleta mada:
Wakuu, naona wanaofundisha Python, lugha ya kuandikia programu, wakikimbilia regeksi (ruwaza za kutafutia maandishi) wiki ya kwanza. Napinga. Mtu azijue kwanza `in`, inayouliza kama neno limo, na `find`, inayouliza liko nafasi gani, maana hata hizo zina mtego.

Ulininasa mimi. Natunza hesabu za kikoba chetu, nikaandika programu ya kupitia meseji za waliolipa: `if ujumbe.find("Ali"):`. Meseji ilisema "Ali amelipa 5000". Ali hakuhesabiwa, na wengine wote wakahesabiwa kwa jina lake! Kumbe `find` hurudisha nafasi neno linapoanzia, na nafasi huhesabiwa kuanzia 0. Ali yuko mwanzoni kabisa, jibu ni 0, na Python huichukulia 0 kuwa si kweli. Asipokuwepo jibu ni -1, nayo huchukuliwa kuwa kweli. Ningeandika `if "Ali" in ujumbe:` nisingegombana na mtu. Nafasi iulizwe pale tu unapoihitaji.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hujamaliza. Watu huandika ALI, ali, Ali, kwa hiyo utageuza zote kuwa herufi ndogo kwa `lower()`. Ukishageuza, "ali" imo ndani ya salima, mahali, asali, alikuja. "Saba" imo kwenye "sababu", "moja" kwenye "pamoja". Dawa ni `\bali\b`, neno zima na mipaka yake (kila `\b` ni mpaka wa neno), na hiyo ni regeksi. Unawanyima wanafunzi kisu halafu unawapa nyama wakate.

Mchangiaji wa pili:
Mipaka inafaa majina, vitenzi vyetu vinaikataa. Tafuta `\bsoma\b`, umekosa anasoma, wakasoma, husoma. Tafuta "soma" popote, umekosa hatusomi na someni. Punguza hadi "som", Somalia nayo imeingia. Halafu kuna ritifaa, ile alama ya ' kwenye ng': kwa regeksi ya Python si herufi, ni mpaka. Kwa hiyo `\boa\b` inakubali "kung'oa". Unatafuta habari za ndoa, unaletewa za kung'oa mihogo.

Mleta mada:
La Salima nimelikubali, kwa majina `\b` itumike. Ila regeksi si ya kumkabidhi mtu asiyejua inavyofanya kazi. Tarehe 2 Julai 2019 Cloudflare, kampuni inayolinda tovuti za watu, walisambaza kanuni mpya ya ulinzi yenye regeksi moja mbaya, `.*` (herufi zozote, kwa idadi yoyote) juu ya `.*`, injini ya regeksi ikawa inarudi nyuma kujaribu upya mara nyingi mno, seva zikalemewa na tovuti nyingi duniani zikakosekana kwa karibu nusu saa. Na wale ni wahandisi wazoefu.

Kuhusu ritifaa, kuna tatizo hata kabla ya regeksi: simu nyingine huandika ’ badala ya ', basi "ng'ombe" unamwona kwa macho lakini `in` inasema hayupo. Mimi huanza na `replace("’", "'")`, kisha `lower()`, ndipo natafuta.

Vitenzi ndivyo vinavyonikosesha usingizi. Nani ameshaandika kitu kinachokata viambishi, kikaiona "hatusomi" na "wakasoma" kuwa ndugu? Aweke msimbo hapa tuujaribu.