Eti "cheti cha kuzaliwa cha mjusi"! Huyu mzee wa kijiweni kanivuruga

Wakuu, nimetoka kijiweni sasa hivi, kahawa nimeiacha hata sijaimaliza. Wa Chikongola mnamjua, simtaji. Yule anayejibu salamu kwa swali.

Tulikuwa tunaongelea mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, yule Wajerumani waliyemchimba kule Lindi kati ya 1909 na 1913, leo kasimamishwa Berlin, kwenda juu mita 13 na ushee. Nikasema kwa upole tu kwamba aliishi miaka milioni 150 iliyopita. Mzee akaweka kikombe chini. "Hiyo umeisoma kwenye cheti chake cha kuzaliwa?"

Kijiwe kizima hoi. Muuza kahawa kacheka mpaka kamwagia mteja. Hata mbuzi aliyekuwa anapita naapa alicheka.

Nikajikaza, nikaeleza urani iliyo kwenye mawe inavyogeuka madini ya risasi, kwamba nusu yake huisha kwa miaka kama bilioni 4.5, na hivyo ndivyo mawe yanavyopimwa umri. "Nani alikaa na saa muda wote huo kuhakikisha mwendo haubadiliki?" Nikamwambia kanuni za asili ni zilezile. "Nani kakwambia?" Nikakosa la kusema. "Basi umeamini, mwanangu. Na mimi naamini, ila mimi sijifichi."

CHETI CHA KUZALIWA! Cha mjusi! Mbele ya mkwe wangu mtarajiwa!

Kuchele Daima: Mzee kakupiga tobo 😂 Hilo la kwamba kesho itafanana na jana mwanafalsafa David Hume aliliuliza karne ya 18, wanabishana mpaka leo.

Mwana Mikindani: Acheni hizo. Kule Oklo, Gabon, urani ilijiwasha yenyewe chini ya ardhi, mithili ya kinu cha nyuklia, kama miaka bilioni 2 iliyopita. Mabaki yamepimwa, kanuni zilikuwa hizihizi. Hiyo si imani.

Kuchele Daima: Na hiyo bilioni 2 mmeipimaje? Kwa urani?

Mwana Mikindani: 😐

Mvuvi Mstaafu: Haohao wanasayansi walisema samaki silikanti katoweka enzi za mijusi. 1938 kavuliwa Afrika Kusini mzimamzima. Siku hizi hadi Tanga ananasa kwenye nyavu.

Mwana Mikindani: Na waliokiri kwamba walikosea ni nani? Haohao. Huyo mzee wenu amewahi kukiri nini?

Bi Ming'oko: Mkwe mtarajiwa alicheka au hakucheka? Tuanzie hapo.

Mleta uzi: Alicheka kuliko wote.

Bi Ming'oko: Basi huna mke.

Mpingo Mkavu: Mimi sitaki umri, nataka mifupa irudi Lindi. Watalii wanalipa kiingilio Berlin, sisi huku tunaangalia picha.

Korosho Gredi One: Mifupa tutaila? Mikorosho yangu imeshika ugonjwa wa ubwiri unga, dawa ya salfa niliyopewa imegandana mabonge, haipiti kwenye bomba.

Mpingo Mkavu: Kumbe na wewe? Nikadhani ni Newala tu.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada.

Korosho Gredi One: Ukiichekecha kwa chandarua inapita kidogo, ila inachoma macho balaa. Wa Tandahimba mmepewa ya unga au ya maji?