Naogopa kuacha ajira nianze kufasiri kwa kujitegemea, nipeni ushauri

Binti Picha ya Ndege:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Kibaha, nafanya ukarani kwenye ofisi moja pale Posta, huu mwaka wa sita. Mshahara mdogo ila haujawahi kuchelewa. Miaka miwili sasa nafasiri usiku, Kiingereza kwenda Kiswahili: vipeperushi vya afya, madodoso ya utafiti, mara moja mkataba wa pango. Nawaza kuacha ajira nijitegemee, lakini hofu ya kushindwa imenikaba hadi chakula hakipiti. Mliojiajiri, hofu mliishindaje? Naombeni msinitukane, nimechoka.

Kinu na Mchi:
Usiache, dada. 2017 niliacha kazi nikafungua stesheneri Sinza. Mashine ya kutoa kopi nikaichukua kwa mkopo, mwezi wa nne mwenye fremu akapandisha kodi, wa saba nikafunga. Ile mashine mpaka leo ipo sebuleni kwa mama, kaitandikia kitambaa cha kudarizi, juu kaweka redio. Kila nikienda kumsalimia lazima niione.

Wakili wa Kijiweni:
Kabla ya hofu, sheria. Ukilipwa kwa mwezi, notisi si chini ya siku 28, soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ukiondoka mwenyewe, fao la kukosa ajira la NSSF usilipigie hesabu, lile ni la aliyeachishwa. Na wateja wa ndani wakikukata kodi ya zuio, yaani ile 5% inayokatwa kwenye malipo yako kabla hujalipwa, dai cheti chake, usikubali "tutakutumia".

Mzee wa Bandari Salama:
Vijana wa sasa mnaogopa kila kitu. 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, Februari 2022 Umoja wa Afrika umekipa nafasi ya lugha ya kazi. Soko limekuja mlangoni, mwenye lugha yake anatetemeka. Ingia kazini, mwanangu.

Njoro wa Nakuru:
Pole dada. Huku Kenya natoa pesa za PayPal moja kwa moja kwenye M-Pesa. Ninyi kupokea kwa PayPal ni shida, kwa hivyo mkubaliane njia ya malipo kabla hujagusa kazi ya mteja wa nje. Mimi nilimaliza kazi kwanza, pesa ikakwama wiki sita.

Mama Vifaranga:
Mwanangu, nimesoma mara mbili. Mtu anayewaza tu kuacha kazi hashindwi kula. Una kazi ya mtu mkononi?

Binti Picha ya Ndege:
Shikamoo mama. Ndiyo, ninayo. Ni mwongozo wa ufugaji wa kuku, maneno 13,000, shilingi 50 kwa neno, jumla 650,000. Nusu nimeshalipwa. Niliimaliza Jumanne, ilitakiwa ifike Ijumaa. Leo Jumapili sijaituma. Kila nikifungua barua pepe niambatishe faili, mikono inakuwa ya baridi, nafunga. Mteja kapiga mara nne sijapokea.

Na barua ya kuacha kazi nimeshaipeleka, zimebaki siku 11. Msiniambie niirudishe. Niliiandika tangu Januari, ikakaa kwenye pochi mpaka ikachakaa kwenye mikunjo nikaiandika upya. Ningesubiri hofu iishe ndipo niondoke, ningestaafu nayo.

Kinu na Mchi:
Kwa hiyo ulituuliza tukushauri jambo ambalo umeshalifanya?

Fundi Saa:
Wakuu, hii ni chai. Mwanzo "nawaza kuacha", sasa barua imeshafika. Maneno 13,000 kayafasiri lini huku anatoka Kibaha kwenda Posta kila siku? Na mtu kamaliza kazi ya laki sita na nusu hataki kuituma! Mleta uzi anatafuta wachangiaji. Weka hata sentensi moja ya huo mwongozo.

Wakili wa Kijiweni:
Hata mimi nilishaanza kunusa tangawizi.

Binti Picha ya Ndege:
Sikusema kuhusu barua kwa sababu nilijua mtaishia hapo. Kazi nilifanya usiku tisa, saa 3 hadi saa 7, maneno kama 1,450 kila usiku. Kwenye daladala nilikuwa nalala.

Sentensi mnayoitaka ndiyo iliyonikwamisha. Mwongozo unasema kuku akipewa dawa kuna siku mayai yake hayaliwi, na siku hizo zina jina lake. Kwanza niliandika "kipindi cha kujiondoa". Nikafuta, nikaandika "muda wa kusitisha". Halafu nikamfikiria mfugaji anasoma "kusitisha", anaelewa ni siku za kuacha kumpa kuku dawa, huku mayai anawapa watoto. Nikajiuliza, kama hili nimelikosea, mengine mangapi nimekosea na sijui? Tangu hapo sijatuma.

Mama Vifaranga:
Fundi Saa, hiyo si chai. Nafuga Dodoma mwaka wa kumi na mbili, hilo swali hawezi kulibuni mtu ambaye hajalikesha.

Mwanangu, andika "siku za kusubiri", kisha ueleze hapohapo: tangu kuku apewe dozi ya mwisho hadi mayai yake yaruhusiwe kuliwa au kuuzwa. Idadi ya siku isome kwenye lebo, kila dawa ina yake. Mimi trei za siku hizo nazichora msalaba kwa mkaa, hata kijana wa bandani asiyesoma anazijua. Na ule ugonjwa wa kuku kupinda shingo umeuitaje?

Binti Picha ya Ndege:
Kideri.

Mama Vifaranga:
Ongeza "au mdondo". Wengi wetu ndilo tunalolijua. Rekebisha hayo mawili, utume usiku huu. Radhi ya kuchelewa iwe mstari mmoja.

Binti Picha ya Ndege:
Nikiipitia tena yote mara moja tu, nitume kesho asubuhi?

Mama Vifaranga:
Hapana.

Fundi Saa:
Dada, niwie radhi. Kichwani kwa faili andika tarehe na neno "rasimu ya kwanza", wakikuta kosa watakurudishia urekebishe. Mimi saa ya mteja huwa nairudisha na wiki moja ya kuijaribu.

Binti Picha ya Ndege:
Nimetuma saa 4:40.

Binti Picha ya Ndege:
Asubuhi njema wakuu. Mteja amejibu saa 1. Ameshukuru kwa kuongeza mdondo, kaomba majedwali mawili yapangwe upya, nusu ya pili atalipa wakishakagua. Mwisho kauliza kwa nini sikuwa napokea simu. Hilo bado sijamjibu.

Mama Vifaranga:
Mjibu. Kisha nitumie ule ukurasa wa dawa niusome.